Sahihi ya Merveille

Gari ilipopita Minago, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, Mulamba alikuwa bado anamsifia binti yake kwa mzee Mustafa, fundi cherehani aliyefahamiana naye humo humo njiani. Merveille, raia wa Amerika sasa, alikuwa ametia sahihi karatasi ya mgombea urais asiye na chama.

"Bila maelfu ya sahihi, jina la mgombea haliingie kwenye karatasi ya kura," akaeleza. "Na kila jimbo iko na sheria yake."

"Aliandika na adresi?"

"Ndiyo, mzee. Wanahakikisha kama mutu ni wa kweli."

"Nani anahakikisha?"

"Serikali. Hata mawakili wa vyama vikubwa wanaweza kukagua."

Abiria wengine walijifanya wamelala, masikio wazi.

"Basi wale anaowapinga wanajua nyumba yake," Mustafa akasema.

"Kule si kama huku, mzee."

"Ulishafika, ndugu yangu?"

Mulamba mwenyewe alivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, siku jina lake lilipoonekana kwenye orodha ya watu wanaosakwa, na hilo hakuwahi kumsimulia Merveille.

Gari ikasimama Rumonge. Mustafa akamtakia amahoro, yaani amani, akashuka. Mulamba akabaki kitini, akimwandikia binti yake kwa simu: "Mwanangu, ile karatasi, wanaweza kukufutia jina?"