Petronela Barek, Mlinzi wa Maabara ya Makohozi

Petronela Barek alizaliwa Lewoleba, kisiwani Lembata, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mama Yosefina Peni na marehemu Baba Markus Tokan. Alisoma kwa masista Larantuka, kisha Kupang, alikohitimu ufundi wa maabara mwaka 2000.

Mwaka uliofuata aliajiriwa Maumere kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwake hakuna aliyeingia na pete wala aliyetoka na koti la kazini. Siku moja mkuu wa kazi alifika na kikombe mkononi. Petronela akasimama mlangoni. "Bosi, chagua moja, kahawa au maabara." Bosi akainywea uani, juani, amenuna.

Alifunga ndoa na Lambertus Kopong, fundi pikipiki, tarehe 8 Julai 2006. Mungu akawapa Klaudia.

Tarehe 9 Februari mwaka huu, chupa ilipasuka ndani ya mashine ya kuzungushia makohozi. Kanuni ni kuizima, kutoka, na kusubiri nusu saa vijidudu vitulie kabla ya kuifunua. Msichana mgeni kazini alishtuka, akaifunua papo hapo. Petronela alikuwa chumba cha nje akiandika majibu, bila barakoa. Aliingia vivyo hivyo, akamsukuma nje, akafunika mashine.

Mwezi Mei alianza kukohoa. Kilikuwa kifua kikuu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Alijitenga chumba cha nyuma, Klaudia akiongea naye dirishani.

"Mama, niingie kidogo tu."

"Ukivuka hapo nitakuchapa!" Alisema hivyo huku machozi yakimtoka.

Sisi ndugu zake tulimbana amtaje aliyefunua. "Nikimtaja mtamla mzima," alijibu. "Mwacheni afanye kazi."

Tarehe 22 Novemba majibu yalitoka safi. Alimwita Klaudia, wakalala mto mmoja. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba alitema damu, akafia mikononi mwa Lambertus, akiwa na miaka 43.

Jana msibani, Delfina Nogo alipiga magoti mbele ya Mama Yosefina. "Mama, ni mimi niliyefunua. Waambie waandike."

Mama akamshika mkono. "Nyanyuka, mwanangu. Umekula?"

Tumeandika kama alivyoomba.

Petronela ameacha mama, mume, binti mmoja na ndugu wanne. Mungu amlaze pema, apumue bila maumivu.