Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi. Theopista, na Barua Iliyobaki Jaladani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mganga Mfawidhi, watumishi wenzangu na familia ya mstaafu: salaam, kwa heshima inayostahili.

Dhumuni la andiko hili ni kumuaga Bi. Theopista Ladislas, fundi wa meno bandia, anayestaafu rasmi tarehe 31 Julai 2026 baada ya kuitumikia kliniki yetu ya meno hapa Mpanda kwa miaka thelathini na mitatu. Dhumuni la pili nitalieleza mwishoni, nami naomba wachapaji wa ratiba ya sherehe hii wasilikate.

Bi. Theopista, mzaliwa wa Kasansa, aliajiriwa mwaka 1993 kuwa mfua mashuka. Fundi wa wakati huo, marehemu Nashon, ndiye aliyemvuta karakana, akieleza sababu moja tu: “Huyu mama hana haraka na kitu ambacho hakijakauka.” Baadaye alipelekwa mafunzoni, akarudi na cheti.

Mwaka 2011 tulianza kutumia silikoni ya kukanda. Huja katika makopo mawili, moja jeupe na jingine la bluu. Fundi huchota kiasi kilekile kutoka kila kopo, hukanda kwa vidole mpaka donge liwe la rangi moja, kisha hulibana kwenye taya la mgonjwa. Likikauka hutoka na alama ya kila ufizi na kila pengo. Hiyo ndiyo kalibu, na meno bandia hutengenezwa kwa kuifuata. Bi. Theopista hakupima muda kwa saa. Alikanda kwa Salamu Maria tatu, kwa sauti, na mgonjwa asiyependa alivumilia.

Machi 2019 mkaguzi alimkuta akikanda bila glavu. Hakuuliza kama amenawa hadi viwiko, na alikuwa amenawa. Hakusubiri kumwona akivaa glavu kabla ya kumgusa mgonjwa, kama alivyofanya siku zote. Ikaja barua ya onyo, kwa kosa la “kudharau kanuni za usafi”. Alitakiwa kuisaini. Aliisaini, na chini ya sahihi akaandika: “Nimeipokea. Sikubali.”

Hata hivyo alitii. Kwa wiki mbili alikanda na glavu, na kalibu kumi na moja mfululizo ziligoma kukauka. Mzee Malale, mfugaji wa Majimoto, alikuja kwa bodaboda mara nne kwa taya lilelile. Mara ya nne aliitikia Salamu Maria zote bila kukosea, ingawa si Mkatoliki, kisha akasema mbele ya foleni nzima: “Nyie, ng’ombe wangu hupigwa chapa mara moja tu. Mimi mtanipiga chapa mara ngapi?”

Ndipo Bi. Theopista alipotuita sote karakana. Msimamizi wake, Bw. Maiko, alikanda donge akiwa na glavu. Bi. Theopista akakanda la kwake kwa mikono iliyonawa. Baada ya dakika sita, la kwake lilidunda mezani. La Bw. Maiko lilimng’ang’ania vidoleni hata ikabidi asaidiwe kuvua glavu. “Bwana Maiko, kanda tena,” alisema Bi. Theopista, “labda glavu zako hazina imani.”

Hapa sina budi kuandika lililo kweli dhidi yangu. Mimi ni mtunza stoo. Kila boksi la silikoni lilikuja na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, nami nilizipanga kwenye faili kwa miaka minane bila kuzisoma. Jioni ile niliketi na kamusi. Sentensi ya nne ilisema bayana: usikande kwa glavu za mpira, kwa kuwa mpira huzuia silikoni kukauka. Glavu zetu zote zilikuwa za mpira. Elimu yangu ya shule iliishia darasa la saba, lakini kesho yake nilisimama kikaoni nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti.

Tangu hapo kliniki hununua glavu za plastiki kwa kazi ya kukanda, na mafundi wanne aliowafundisha huzitumia. Kuanzia Sitalike hadi Mpimbwe, wapo watu wanaotafuna mahindi ya kuchoma kwa kazi ya vidole vyake.

Kanuni ilirekebishwa, barua haikuondolewa. Nimeandika maombi mara tatu, nikajibiwa kwamba jambo hilo limeshapita. Halijapita. Lipo ukurasa wa arobaini na mbili wa jalada lake. Wiki iliyopita niliombwa kufuta aya hizi ili sherehe isiharibike, nami nimekataa. Mtu hawezi kupigiwa makofi ukumbini na wakati huohuo kuitwa mdharau kanuni kabatini. Bi. Theopista mwenyewe amesema hatasimama kupokea cheti cha utumishi bora mpaka jalada lake lilingane nacho.

Dada yetu, tunakushukuru. Urudi Kasansa ukiwa na afya, mpunga wako ustawi, na mikono yako ipumzike ikiwa safi kama ilivyokuwa siku zote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, cheti kitatolewa saa sita mchana. Naomba uamuzi wa maandishi kabla ya saa hiyo: barua ile inaondolewa jaladani, au haiondolewi?

Wiliam Machibya
Mtunza Stoo