Nyuzi Ndani ya Damu

Gari la abiria, Probox, lilikuwa ndiyo kwanza linatoka Lodwar wakati Monique, Mkongo mwenye maneno mengi, alipomwonyesha Nasike, abiria aliyeketi kando yake, picha kwenye simu. "Ona, mama. Ni damu yangu. Daktari wa mitishamba aliiweka kwenye hadubini, ikatokea kubwa kwa tivii. Hizi nyuzi ni sumu ya dawa za sukari. Nimeziacha."

Nasike, Mturkana aliyekoroga damu ya ng'ombe kibuyuni tangu utotoni, alimgeukia. "Umeacha dawa? Mama, damu yoyote ikitoka mwilini ikatulia, inafanya nyuzi. Sisi tunakoroga na kijiti, nyuzi zinajishika hapo, tunatupa, tunakunywa. Hata mtoto anajua!"

"Ya ng'ombe pia?"

"Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia!"

Monique akaitikia kwa kichwa, akairudisha simu mkobani. Nasike akaona angalau ameeleweka.

Gari liliposimama Kakuma, Monique alikumbatia mfuko wa unga wa majani aliouziwa na daktari wake, akamshika Nasike mkono kwa huruma. "Pole sana, mama. Kumbe hata ng'ombe zenu ziko na sumu! Nitamwambia daktari awafikie."