Waifai ya Mama Cherehani

Benchi letu lilikuwa upande wa pili wa njia, mbele ya kibanda cha Kinyozi. Tulilihamishia ukutani kwa Mama Cherehani, tukasingizia kivuli, ingawa asubuhi pale hakuna kivuli hata cha kuku. Kuna waifai. Neno la siri alinipa mimi, dada yangu alipolazwa hospitali ya mbali, ili nimwone usoni kwa video siku ile moja tu. Mimi nikampa Kipaza, na ukimpa Kipaza kitu umekitangaza. Basi leo tumekaa, kahawa mkononi, simu zinawaka, kila mtu na video yake. Dirishani juu yetu binti wa Mama Cherehani yuko kwenye usaili wa kazi kwa kompyuta, wa kwanza kuitwa tangu amalize chuo. Mama yake amepandisha kifurushi hadi kile cha bei ya juu kabisa kwa ajili hiyo. Tunamsikia: "Samahani, mnanisikia? Naomba mrudie swali."

— Maskini, anakatika tena, — Kinyozi akasema, macho kwenye mpira wake.

— Kampuni wezi hao, — akadakia Kipaza. — Wanakuuzia kasi ya mia, wanakupimia ya kumi.

— Wizi gani? Kasi ni kitu kimoja, wingi ni kingine. — Huyo Babu Betri, anayechaji simu za mtaa mzima na kwa hilo anajiona mhandisi. — Mama wa watu kanunua wingi akidhani ni kasi.

— Walimwambia hakina kikomo, — nikasema.

— Kutokuwa na kikomo si kuwa na mbio! Hata kobe hana kikomo, anatembea tu.

— Mimi naona ni hizo cherehani, — Kipaza akasema. — Chuma kile. Kinanyonya mawimbi yote kabla hayajafika kwa mtoto.

— Cherehani zilikuwepo jana, — nikasema, — na jana usiku waifai ilikuwa safi.

— Jana usiku papa walikuwa wamelala. Nyaya zimepita chini ya bahari, ndugu yangu. Asubuhi ndiyo saa yao ya kutafuna.

"Haloo? Bado mpo?" sauti ya binti ikapanda.

— Papa anatafuna waya unaomfikia Mama Cherehani tu? — Kinyozi akacheka. — Sikilizeni niwafundishe. Hili ni bomba la maji. Hata ulilipie liwe nene vipi, wakifungulia wengi kwa pamoja, mmoja anaambulia matone. Sasa mle ndani yuko peke yake, hao wengine watakuwa...

Akaitazama simu mkononi mwake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kipaza alipunguza sauti ya filamu yake. Alipunguza tu, hakuzima. Nami aibu ilinipanda hadi masikioni, na bado nikawa nangoja mwingine azime kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Binti akatoka na kompyuta mkononi, juu shati la heshima limepigwa pasi, chini kandambili. Macho mekundu.

— Shikamooni, wajomba.

— Marahaba, — tukaitikia haraka mno.

— Ndani mtandao haushiki kabisa. Nyinyi hapa nje unawashika?

Babu Betri akainamia kikombe kilichokwisha zamani. Kinyozi akakohoa. Tukamsogelezea nafasi, na tulipokuwa tunasogea, mikono yetu yote ilikuwa chini, vidole vinazima.

Kiduara kwenye kioo chake kikaacha kuzunguka. Akatokea mama mmoja wa miwani, picha safi, kila neno limenyooka:

— Pole, binti. Tumekungoja, muda wako umekwisha. Tumeshaanza na mwenzako.

Binti akasema asante. Akaifunga kompyuta, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, kisha akatugeukia.

— Kumbe hapa kwenu ndipo unaposhika vizuri. Asanteni, wajomba. Ningejua, ningekuja kukaa nanyi mapema.