Mtandao Haukukata

Fundi: Haloo? Haloo! Ni nani? Hii si sauti ya mke wangu.

Shemeji: Ni mimi, shemeji. Dada yake. Simu yake ninayo mimi.

Fundi: Aah, shikamoo shemeji! Napiga muda wote hampokei. Subiri nisogee dirishani, huku wanagonga mabati... Haya. Nipe habari!

Shemeji: Marahaba. Uko na nani hapo?

Fundi: Mafundi wenzangu wote. Nimewanunulia soda! Sasa hivi wananiita Baba Mtu. [anacheka] Ila huu mtandao, shemeji, umenifanyia ubaya. Nesi wa watu kakubali simu iwekwe kitandani nimsikie mwanangu akilia mara ya kwanza. Nasikia "sukuma, sukuma", nasikia "huyoo!", halafu kimya. Ukakata pale pale kwenye utamu.

Shemeji: Shemeji—

Fundi: Nimetikisa simu, nimepanda juu ya ndoo—

Shemeji: Kaa chini kwanza.

Fundi: —haloo, haloo, wapi! Ni wa kiume au wa kike?

Shemeji: Wa kike. Tafuta pa kukaa.

Fundi: Wa kike! Jamani, wa kike! [makofi, vifijo] Unawasikia hawa wehu? Mbona yeye simsikii? Kalala?

Shemeji: Waambie wasipige makofi.

Fundi: Unasemaje? Unakwaruza.

Shemeji: Nasema... mtandao haukukata.

Fundi: Eh?

Shemeji: Simu ilikuwa kitandani muda wote, iko hewani. Ni mtoto ndiye hakutoa sauti.

Fundi: Lakini yupo?

Shemeji: Hayupo, shemeji. Ametutoka.

[mkwaruzo mrefu]

Fundi: Ngoja. Ngoja kwanza. Juzi tu alikuwa anapiga mateke. Mimi mwenyewe nimeweka mkono pale—

Shemeji: Tumboni alikuwa anapewa kila kitu na mama yake. Walipokata kitovu ndipo... Daktari ametueleza taratibu. Anasema mtoto akiwa bado kitu kidogo tu tumboni, koo lake linajiziba lenyewe. La kila mtu, hata langu, hata lako. Kisha linafunguka, sauti na pumzi vinapata njia. La huyu halikufunguka.

Fundi: Limeziba? Limeziba tu?

Shemeji: Pale pale penye sauti.

Fundi: Sasa si mngenipigia! Kazi yangu mimi ni kuzibua! Kila siku nazibua mabomba ya watu, mimi—

Shemeji: Shemeji. Ni mtoto.

Fundi: [analia]

Shemeji: Walijaribu kumtoboa hapa chini ya koo apate hewa. Hawakuwahi.

Fundi: Kwa hiyo hakulia hata kidogo.

Shemeji: Hakulia.

Fundi: Alifanya nini huyo dada yako? Nilimwambia apumzike! Aache soko! Kutwa kusimama juani anaita wateja, kichwa ngumu—

Shemeji: Nyamaza!

Fundi: Nauliza tu! Alibeba nini, alikunywa nini—

Shemeji: Simu iko kwenye spika.

Fundi: Kasikia?

Shemeji: Kasikia. Na ndicho anachojiambia. "Nimemmalizia mwanangu sauti kwa kunadi nguo." Kasema hilo moja tu, hajafungua mdomo tena. Yeye, ambaye soko zima linamjua kwa sauti! Hata maji hataki. Nimembembeleza mpaka nimechoka, nikasema mumewe akipiga atatulia. Nawe unakuja na hayo.

Fundi: Mungu wangu... Hilo koo, daktari anasema lilikosea lini?

Shemeji: Mimba changa kabisa. Hata tumbo halijaonekana. Hakuna alichofanya, hakuna mtu aliyefanya kitu. Mwambie wewe, kwangu hasikii. Nampa.

[mshindo, kisha pumzi]

Fundi: Mke wangu. Uko hapo? [kimya] Nimesema upuuzi. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, nikakukuta wewe. Nisamehe. Sauti yako haijamdhuru mtu, umesikia? Miezi yote ile alikuwa anakusikia wewe tu. Kama kuna kitu alikijua hapa duniani, ni hiyo sauti yako. [kimya] Nakusikia unavuta pumzi. Sema chochote. Nitukane basi.

Mke: Alilia.

Fundi: Eh?

Mke: Dada anakwambia hakulia. Alilia. Walimweka kifuani kwangu, nilimwona. Kafumba macho, kafungua mdomo wote, mikono inatetemeka. Kalia kama mtoto yeyote.

Fundi: Alilia.

Mke: Usije ukamwambia mtu hakulia.

Fundi: Sitamwambia mtu. Natoka sasa hivi, nakuja nilivyo, na haya mabuti ya— [mlio] Salio linaisha. Wasimzike kabla sijamshika, sawa? Na unywe maji. Kidogo tu, kwa ajili yangu.

Mke: Ana vidole vyako. Vinene vile vile.

Fundi: [analia] Nakuja, mama. Mwambie baba anaku—