Bi. Verna Stordahl, Aliyelisikiliza Komeo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimamia usalama katika Klabu ya Shabaha ya Sulfur Bench, hapa Montana, Bi. Verna Stordahl anastaafu tarehe 30 Agosti.

Wengi wetu tunaojitengenezea risasi nyumbani tulifundwa naye: anza na kipimo cha chini cha baruti kilichoandikwa kitabuni, panda kidogo kidogo, na ukiona dalili moja ya shinikizo kuzidi, rudi chini. Nani asiyelijua kopo lake la kahawa, lenye maganda ya risasi yaliyoharibika, kila moja na jina la aliyelileta? Mwandishi anaomba radhi kukiri kwamba matatu ni yake.

Wasomaji waniwie radhi pia kwa yafuatayo. Halmashauri ya klabu imeomba jambo la Julai mwaka juzi lisitajwe. Litatajwa.

Mwenyekiti wetu, Bw. Dale Hruska, alikuwa ameijaribu baruti yake Februari, kwenye baridi ya kugandisha mate, akafikia kipimo cha juu kabisa bila kuona dalili. Julai akaleta risasi zizo hizo, zilizoshinda juani ndani ya gari. Baruti ikipata joto husukuma zaidi. Kwa risasi ya pili tu, komeo la bunduki, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, likakwama. Akaligonga kwa nyundo ya mbao, wageni wakacheka. Akaonyesha fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, ambacho shinikizo likizidi huwa bapa.

“Fataki hata hazijawa bapa, Verna! Acha woga wa kizee.”

“Fataki hudanganya, Dale. Komeo likikwama, ganda limeshavimba. Na hii alama inayong'aa kitakoni umeiona, au miwani umemwachia mkeo?”

Bi. Verna akazichukua risasi kumi na nane zilizobaki, akafunga uwanja.

Kwa hilo aliandikiwa karipio, eti amemdhalilisha mwenyekiti mbele ya wageni! Wiki moja baadaye fundi aliifungua bunduki ile, akakuta jino la komeo, lile linalolizuia lisirudi nyuma, limepasuka. Risasi ya tatu ingeweza kulirusha komeo usoni pa mtu. Hata hivyo karipio halikufutwa. Aliyetuachia mwenyekiti mwenye macho mawili anaagwa akiwa na doa kwenye jalada lake. Ni aibu, na aibu hiyo ina saini ya katibu, ndiye mwandishi huyu.

Kwa unyenyekevu, saini hiyo inaondolewa leo. Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga, kabla ya keki kukatwa, barua ile ya karipio itatiwa ndani ya kopo la kahawa pamoja na maganda mengine mabovu, ikiwa na jina la aliyeileta.

Asante, Bi. Verna. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, na kila komeo likufungukie kwa kidole kimoja.