Bei ya Jasho la Raïssa

Nje ya ukuta wa kilabu cha tenisi, mtaani Kinindo, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali mawili ya simenti, na juu ya ubao huo hakuna jambo la dunia ambalo halijakatiwa hukumu. Hapo hukaa Anselme, fundi wa kufunga nyuzi za raketi, ambaye kila mtu humwita Papa Nyuzi. Yupo Landry, mlinzi wa geti, aitwaye Avoka, yaani wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa kesi isiyomhusu. Na Vainqueur, dereva wa teksi, jina lake la kijiweni ni Klaksoni, yaani honi, na ukimsikia mara moja huulizi kwa nini. Mwenye chupa ya kahawa ni Nsimire wa Bukavu, na asipokuja yeye hakuna kijiwe. Jumapili hiyo, saa nane na nusu mchana, Papa Nyuzi hakuwa na hamu hata ya kahawa. Binti yake Raïssa alikuwa ndani ya uwanja, ameketi kwenye kiti chake, akiwa amewaambia wakubwa wa kilabu kwamba hatapiga mpira hata mmoja wa finali mpaka zawadi ya wanawake ilingane na ya wanaume. Wanaume walitengewa franga milioni mbili, wanawake laki nane.

Claude, katibu wa komite, alikuwa ametoka muda si mrefu na ujumbe wake.

— Saa tisa kamili asipocheza, kikombe kinaenda kwa mwenzake. Na we, Papa Nyuzi, utatafutia ile mashine yako ukuta mwingine. Ingia umwambie. We ni baba yake.

Miaka kumi na tisa Papa Nyuzi alikuwa amefunga nyuzi kwenye ukuta ule. Siku za mashindano watu wa kazi hawavuki geti, ndiyo desturi ya pale, na Raïssa mazoezi yake alifanyia mtaa wa Gihosha. Leo baba mtu ameruhusiwa kuingia kwa mara ya kwanza, naye bado ameketi ubaoni.

— Ungekuwa umeshaingia, akasema Avoka. Samaki mukunje angali mubichi.

— Mutoto ana miaka makumi mbili na moja, akajibu Nsimire. Huyo samaki alishakauka, alishauzwa.

— Mi nasema komite iko na haki! Klaksoni akadakia. Franga inafuata jasho. Mwanaume anatoka pale, shati unasema ameogelea ziwa. Mwanamke anatoka na pafyumu yake vilevile.

— Kwa hiyo walipe kwa jasho? akauliza Avoka.

— Kwa jasho, bana! Waweke mizani. Shati lipimwe mbele ya mechi, lipimwe nyuma ya mechi. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Ndiyo maana upime mapema, mbele hayajamwagika!

Nsimire akamimina kahawa bila kumtazama.

— Mi natoka Buterere na miguu, hii chupa na makaa yangu ku kichwa. Nikifika hapa nimeloa. Siku gani mulinilipa kikombe bei mbili?

Klaksoni akapuliza kahawa yake ambayo haikuwa ya moto. Avoka akajikohoza, kama afanyavyo anapofungua kesi.

— Jasho si droit, haliko mu sheria. Tuangalie mpira. Mpira wa wanaume, seti mbili, manyoya yameisha. Wa wanawake unaweza kuurudisha ku duka ukauzwa mupya. Sasa, anayeharibu zaidi alipwe zaidi.

— Njo hivyo munaendesha hata manyumba zenu, akasema Nsimire.

— Mama, usilete nyumba hapa. Kingine: wanawake wanaishi sana. Sisi tunakufa mapema. Ukimulipa sawasawa kila mwaka, mwisho wa hesabu mwanamke ametupita mbali. Hiyo nayo ni égalité?

— Haraka haraka haina baraka! akapiga kelele Klaksoni, na hakuna aliyejua amemuunga mkono nani.

Siku nyingine Papa Nyuzi angecheka mpaka amwage kahawa. Leo aliwasikiliza kama mgonjwa anavyosikiliza majina ya dawa. Alitaka mmoja wao ashinde. Alitaka aambiwe, kwa hoja yoyote ile hata ya kijinga, kwamba binti yake hana haki, ili akiingia kumwamuru asijione msaliti.

— Na mi sisemi bure, Klaksoni akaendelea. Raïssa nilimuangalia jana, nusu finali. Anacheza, sikatai. Lakini mpira wake hauna nguvu. Unaruka kama kuku.

— Hata mi nilimuona vizuri ku tundu la geti, akasema Avoka. Servisi yake ni ya kubembeleza.

— Munaona? akasema Papa Nyuzi. Munaona sasa? Laki nane ni franga. Mi sijawahi kushika laki nane siku moja. Ananifukuzisha kazi juu ya nini?

Claude akachomoza kichwa getini, akagonga saa yake kwa kidole. Dakika kumi.

Nsimire akaweka chupa chini.

— Papa Raïssa, wacha hawa. Sema we mwenyewe, ni mutoto wako. Anastahili sawa, ao hastahili?

— Hastahili!

Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Papa Nyuzi akaona haya papo hapo, akatazama viatu vyake, lakini neno lilikuwa limeshatoka na hakulirudisha.

Ndipo geti likafunguka, akatoka msichana mwenye sketi nyeupe na begi la raketi begani. Alikuwa Fabiola, mpinzani wa Raïssa, yule ambaye kikombe kingemwangukia saa tisa bila kutoa jasho la kupimwa. Wanaume wote watatu wakasimama.

— Amahoro. Papa Raïssa ni nani?

— Ni mi, mademoiselle.

— Papa, wamesema unaingia kuongea naye. Mbele hujaingia nataka nikuulize kitu kimoja tu. Alishanipiga mara mbili. Nimezunguka muji muzima natafuta mutu wa kunifundisha kurudisha ile mipira yake, sipati. Ni nani alimufundisha kucheza na kushoto?

— Kushoto nini? akauliza Klaksoni.

— Mukono wa kushoto.

— Apana, Raïssa anacheza na kuume, akasema Avoka, kisha akageukia geti lake.

Fabiola akawatazama mmoja mmoja, akianza kwa mlinzi na kumalizia kwa baba.

— Kwani hamujamuona?

Klaksoni alipata kazi ya haraka ya kufuta kioo cha teksi yake. Nsimire naye akakaza kifuniko cha chupa, maana hata yeye hakujua kwamba Raïssa ni wa kushoto.

Papa Nyuzi akakumbuka sahani ya maharage, na Raïssa wa miaka minne akichota kwa mkono wa kushoto. Aliuchapa mkono ule. Ulipokaidi akaufunga kwa kipande cha kitenge, miezi mitatu, kwa kuwa mtoto mwenye adabu hali chakula wala hampi mkubwa kitu kwa kushoto. Raïssa akajifunza. Nyumbani alikula kwa kuume, akaandika kwa kuume. Na raketi yake! Kila alipoileta kufungwa nyuzi, bande, ule utepe wa mpini, ilikuwa imezungushwa kinyume, naye baba akaifungua na kuizungusha vizuri, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kitu. Raïssa alimshukuru kila mara, akaenda Gihosha, akaifungua tena.

— Sijui, akasema. Mwanangu, sijui.

Akaingia. Claude akamwambia afanye upesi, naye akampita kama hamwoni. Watu walikuwa wamejaa vitini, wakinong'ona. Raïssa alimwona baba yake anakuja, akainuka kwa heshima, na haraka, kama mtoto aliyefumaniwa, akaihamisha raketi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kuume. Papa Nyuzi alitamani ardhi immeze.

— Leta, akamwambia.

Akaichukua. Akaketi kando yake mbele ya watu wote, akaifungua bande, akaanza kuizungusha upya, upande ule mwingine, wa kushoto, taratibu, akivuta kila mzunguko ukaze. Raïssa alitazama vidole vyake, kisha akamtazama usoni.

— Saa tisa! akasema Claude. Papa Nyuzi, umemwambia? Anacheza ao hachezi?

Papa Nyuzi hakuinua kichwa.

— Mukishalinganisha zawadi, patron, raketi itakuwa tayari.